"Ulidhani mimi ni wako?" Mali kwenye tamthilia za kishairi za kale za Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayapata sana, mengine kwa wanafunzi wa fasihi wanaohangaika na mtihani, mengine kwa watu wazima tu ambao wamekutana na mchezo mmoja mahali wakabaki wanajiuliza. Nimeyaweka pamoja. Majibu mengine ni marefu maana hapo ndo penye utamu, mengine mafupi. Maneno ya wahusika nimeyatafsiri mwenyewe, nimefuata maana.

Tunaongelea michezo ipi hasa?

Kuna makundi mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni michezo ya maadili, ambayo wahusika wake sio watu wenye majina ya kawaida, ni vitu vyenyewe vinatembea na kuongea: Mauti, Mali, Urafiki, Uroho, Matendo Mema. Hii ilichezwa Uingereza toka karne ya 14 mpaka ndani ya miaka ya 1500. Kundi la pili ni tamthilia za kumbi za London kuanzia miaka ya 1580 hivi, enzi za Christopher Marlowe, Shakespeare na Ben Jonson, ambapo sasa wahusika ni watu kabisa, wana nyumba, wana madeni, wana mabinti wa kuozesha.

Makundi yote mawili yameandikwa kwa mashairi na yote yanarudi palepale, hii mali unayoikumbatia ni ya nani? Mi nimesoma hii michezo miaka mingi na naona jibu lao ni lilelile kwa karibu miaka 200, kwamba umeazimwa. Kinachobadilika ni nani anakuja kudai.

Nianze na upi?

Anza na Everyman, yani Kila Mtu. Ni mfupi, mistari 900 na kidogo, unausoma jioni moja ukamaliza. Mungu anaona watu wamezama kwenye mali wamemsahau, anamtuma Mauti akamwite Kila Mtu aje na daftari lake la hesabu. Kila Mtu hajajiandaa hata kidogo. Anaomba wa kumsindikiza, anaanza na Urafiki, ambaye kabla hajaambiwa safari ni ya wapi ameshaapa kwamba hata ukienda motoni niko na wewe. Akiambiwa ni wapi anageuka papo hapo, anasema kama ungetaka kula na kunywa ningekuja, hata kama ungetaka kumuua mtu ningekusaidia kwa moyo mmoja, ila huko siendi. Anaenda kwa ndugu zake. Binamu anamwambia siwezi, nina mkakamao kwenye kidole cha mguu. Nimeusoma huo mstari mara nyingi sana na bado unaniuma, kwa sababu nani kati yetu hajawahi kupewa udhuru mdogo namna hiyo siku ya shida kubwa.

Akishakataliwa na watu wote ndo anakumbuka, aa, kuna mmoja nimempenda maisha yangu yote. Anamwita Mali.

Mali anasema nini? Mbona kila mtu anataja hiyo sehemu?

Kwa sababu ndo moyo wa mchezo. Mali anaitika lakini hatoki. Anasema niko huku pembeni, nimefungwa na kurundikwa juu kwa juu, nimefungiwa kwenye masanduku, nimetiwa kwenye mifuko, unaona mwenyewe kwa macho yako siwezi hata kujisogeza. Hebu simama hapo kidogo. Mtu alitumia maisha yake yote kuvikusanya hivyo vitu na kuvifunga visiibiwe, na siku anayovihitaji vimnyanyue, kule kufunga kwake ndo kunavizuia visisimame.

Halafu Mali ana adabu ya muuza duka. Anauliza una shida gani, kama ni shida ya duniani naitatua sasa hivi. Kila Mtu anamweleza kwamba ni safari ya kwenda kutoa hesabu mbele ya Mungu, nisindikize, maana nimesikia siku zote watu wanasema pesa hunyoosha kila kilichopinda. Mali anamjibu hapana, mimi naimba wimbo mwingine. Anasema nikienda na wewe hali yako itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu ulivyonipenda mimi daftari lako limejaa madoa ya wino halisomeki.

Kila Mtu anaumia, anasema nimekupenda mpaka leo. Na hapo yanakuja maneno niliyoweka kwenye kichwa cha ukurasa huu. Mali anamuuliza, kwani ulidhani mimi ni wako? Anajibu, nilidhani hivyo. Mali anasema hapana, niliazimwa kwako kwa muda, ukastarehe na mimi msimu mmoja, na ukishakufa nakwenda kumdanganya mwingine vilevile nilivyokudanganya wewe. Kisha anacheka, na anakiri waziwazi kwamba anacheka.

Ukirudi nyuma kwenye mazungumzo na Mauti utakuta hayohayo yalishasemwa. Mauti alishamuuliza, ulidhani maisha yako na mali zako umepewa? Akajibu nilidhani hivyo kabisa. Mauti akamwambia vyote umeazimwa, ukiondoka anakuja mwingine anavishika kidogo naye anaondoka. Yani jamaa aliambiwa mwanzoni, akatoka pale, akaenda moja kwa moja kwa Mali akasema tena "nilidhani hivyo". Kusikia alisikia, ila halikumwingia. Mwandishi alijua kwamba hili jambo mtu haambiwi mara moja akaelewa, ndo maana akaliweka mara mbili kwa maneno yanayofanana.

Kila Mtu alitaka kumpa Mauti pauni 1,000. Ilikuwa hela kubwa kiasi gani?

Kubwa mno. Wakati mchezo unachapishwa, mwanzoni mwa miaka ya 1500, kibarua kusini mwa Uingereza alikuwa analipwa kama peni 4 kwa siku, fundi stadi kama peni 6. Pauni moja ilikuwa peni 240. Kwa hiyo pauni 1,000 ni peni 240,000, ukigawa kwa 4 unapata siku 60,000 za kibarua, yani zaidi ya miaka 160 bila kupumzika hata Jumapili moja. Na alichoomba kwa hela yote hiyo hakikuwa kutokufa, alisema tu tuahirishe hili jambo mpaka siku nyingine. Mauti akamwambia dhahabu na fedha sivijali, wala papa, wala mfalme, wala mtawala yeyote, ningekuwa napokea zawadi dunia yote ingekuwa yangu.

Kwa hiyo mchezo unasema kuwa tajiri ni dhambi?

Hapana, na hili ndo kosa linaloandikwa sana kwenye insha. Mali mwenyewe ndo anayefafanua. Anamwambia ungenipenda kwa kiasi, ukawapa maskini sehemu yangu, usingekuwa kwenye huzuni hii. Na baadaye Kila Mtu akishatubu anaandika wosia, nusu ya mali anaitoa sadaka kwa mikono yake mwenyewe, nusu nyingine irudishwe inakostahili kwenda. Hiyo nusu ya pili watu huiruka. Wasomaji wengi tunaielewa kwamba kulikuwa na mali za watu wengine humo, za deni au za dhuluma, na sadaka peke yake haifuti hilo, lazima kwanza urudishe.

Daftari linalotajwa kila mara ni la nini?

Ni daftari la hesabu kama la mfanyabiashara, upande huu yaliyoingia, upande huu yaliyotoka. Sisi tuna msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mchezo unaugeuza, mali imepatikana na kulindwa vizuri kabisa ila daftari la mwenye mali ndo limepotea habari. Kuna tukio moja naomba usilipite haraka. Kila Mtu anaenda kwa Matendo Mema, anamkuta amelala chini kwenye ardhi ya baridi, mdhaifu, hawezi kusimama kwa uzito wa dhambi za bwana wake. Matendo Mema anamwambia tazama, daftari zako za matendo hizo hapo, angalia zilivyo chini ya miguu. Kila Mtu anainama kusoma, haoni hata herufi moja.

Linganisha na Mali. Wote wawili wamelala, wote wawili hawawezi kusogea, mmoja kwa kurundikwa na mwingine kwa kutelekezwa, na huyu aliyetelekezwa ndo anayesema ningeweza kusimama ningekwenda na wewe.

Nani aliandika Everyman?

Jina lake halijulikani. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mchezo umetoka kwenye ule wa Kiholanzi uitwao Elckerlijc, wa mwishoni mwa karne ya 15. Wa Kiingereza tunao kwa sababu ulichapwa, zimebaki chapa nne, mbili za Richard Pynson ambazo ni vipande tu na mbili za John Skot. Waholanzi wa wakati ule, kwenye miji ya biashara, walijua vizuri sana daftari la hesabu ni kitu gani.

Kuna mchezo wa zamani zaidi?

Upo, na mi ndo naupenda kuliko yote. Unaitwa The Castle of Perseverance, yani Ngome ya Ustahimilivu, wa mwanzoni mwa miaka ya 1400, mrefu zaidi ya mistari 3,600. Hati yake iko Folger Shakespeare Library huko Washington, na ndani yake kuna mchoro wa jukwaa, mmoja wa michoro ya kale kabisa ya jukwaa la Kiingereza tuliyonayo. Umechorwa duara lenye mtaro wa maji, katikati ngome, chini ya ngome kitanda cha mhusika mkuu, halafu pembeni majukwaa matano ya juu: la Mungu mashariki, la Dunia magharibi, la Mwili kusini, la shetani Beliali kaskazini, na la tano kaskazini mashariki ni la Uroho. Dhambi kubwa ziko saba, sita zimewekwa chini ya wakubwa wengine, ila Uroho amepewa jukwaa lake mwenyewe kama mfalme. Mchoro wenyewe umeshakwambia mwandishi anaogopa nini.

Mhusika mkuu ni Binadamu, tunamwona toka anazaliwa. Anaingia ngomeni, dhambi zinaizingira kwa vita, fadhila zinajitetea kwa kuwarushia maua ya waridi, na kweli zinashinda. Vita havikuweza kumtoa. Kilichomtoa ni Uroho kuja kwa sauti ya upole, Binadamu ameshazeeka, mgongo umepinda, anaambiwa tu kwamba uzee wa umaskini ni mgumu, njoo. Akatoka kwa miguu yake mwenyewe, na fadhila zikasema hatuwezi kumshika, hiari ni yake.

Anapewa maki 1,000 (maki ni kipimo cha hela cha wakati ule) na anaambiwa asimpe mtu yeyote. Anataka zaidi, na zaidi. Mauti anamchoma mkuki. Akiwa anakata roho Dunia anamtumia kijana aje kuchukua kila kitu. Binadamu anashtuka, anasema wewe sio hata ukoo wangu, nilitaka hizi mali ziende kwa watu wangu, jina lako nani? Kijana anajibu jina langu ni Sijui Nani.

Mwaka nilioanza kuusoma huu mchezo tulikuwa tumetoka kumzika mzee mmoja wa familia. Siku ya kikao, sanduku lake la chuma lilikuwa katikati ya mkeka, funguo zimefungwa kwa uzi mwekundu alioufunga mwenyewe, na alisimama kijana ambaye nusu yetu hatukumjua akasema yeye ndo anatakiwa azichukue, na karatasi alikuwa nayo. Hakuna aliyegombana. Mama mkubwa aliuliza tu kwa sauti ndogo, "mwanangu, wewe nani vile?" Usiku ule nikafika kwenye ukurasa wa Sijui Nani nikafunga kitabu.

Wa zamani kuliko huo ni The Pride of Life, wa karne ya 14, kipande tu, Mfalme wa Uhai anayejigamba kwamba Mauti hamwezi. Hati yake iliungua Dublin mwaka 1922, tunao kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshaunakili na kuuchapa.

Ni kweli waigizaji walikuwa wanasimamisha mchezo kuchangisha hela?

Kweli, kwenye Mankind, wa miaka ya 1460 hivi. Watazamaji wanamsubiri shetani Titivillus kwa hamu, wanamsikia tu nyuma, halafu wahuni wa mchezo wanasema huyu haji mpaka mtoe hela, tena hapendi senti ndogo ndogo, anapenda dhahabu. Wengine wanasema ni mbinu tu ya waigizaji kupata riziki. Mi naona ni zaidi ya hapo, maana mtazamaji akishatia mkono mfukoni amelipia kumuona shetani, na amelipa kwa hiari.

Kwa nini watu wa wakati ule walihangaika hivi na mali?

Sababu ni nyingi, nitataja mbili tu. Ya kwanza ni tauni ya 1348 na 1349, ambayo iliua pengine kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza, na ikarudi tena na tena. Ndani ya wiki chache shamba, nyumba na sanduku vinapata mmiliki mpya, na mwingine, na mwingine, kwa hiyo Sijui Nani hakuwa mtu wa kutungwa, kila kijiji kilimwona. Ya pili ni hela yenyewe. Biashara ya sufu na vitambaa ilitajirisha watu wa kawaida, sio makabaila peke yao, na hao watu walikuwa wanatoa pesa kanisani waombewe wakifa, kwa hiyo swali la pesa inafika umbali gani baada ya kaburi lilikuwa swali la bajeti kabisa.

Baadaye London ikavimba, kufikia 1600 ilikuwa na watu kama 200,000, na mwaka 1576 James Burbage akajenga ukumbi wa maigizo ulioitwa The Theatre, ambapo kwa peni moja unasimama uwanjani unaangalia. Mchezo wenyewe ukawa bidhaa.

Mbona lazima iwe shairi?

Kwa msikilizaji wa Kiswahili hili halihitaji maelezo marefu, kitu chenye vina na mizani kinakaa kichwani. Ngome ya Ustahimilivu ina beti ndefu, nyingi za mishororo 13, na maneno yanayoanza kwa sauti moja yanagongana mfululizo kama ngoma, kwa ajili ya watu waliosimama nje kwenye upepo. Everyman vina vyake ni vya kawaida na mistari haina urefu sawa, inakaribia maongezi. Marlowe yeye akatia nguvu mstari wa mizani 10 usio na vina, na huo ukaweza kubeba tamaa kwa namna mpya, kwa sababu sentensi haisimami mwisho wa mstari, inamwagika kwenda mstari unaofuata kama mtu anayemimina sarafu.

Marlowe anaingiaje hapa?

Kwa The Jew of Malta, wa mwaka 1589 au 1590 hivi. Pazia linafunguka Barabas yuko chumbani na marundo ya dhahabu mbele yake, anaona sarafu za fedha zinamchosha kuzihesabu, anatamani utajiri usio na mwisho uenee ndani ya chumba kidogo. Gavana anamnyang'anya kila kitu kulipa kodi ya Waturuki. Usiku binti yake Abigail anaingia kwenye nyumba yao iliyogeuzwa kuwa ya watawa, anachimbua dhahabu iliyofichwa chini ya ubao, anamrushia baba yake mifuko toka dirishani, na Barabas anaikumbatia anaita binti yangu, dhahabu yangu, kwa pumzi moja huwezi kujua anambusu nani.

Hapa lazima niseme kitu na nakisema kwa uzito. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza toka 1290, watazamaji wengi wa Marlowe hawakuwahi kuishi na jirani Myahudi, na mchezo umejaa chuki dhidi yao. Ukiusoma usichukue picha hiyo kama ukweli wa watu. Kwenye mchezo huohuo Wakristo wanaiba kwa sheria na mahubiri, na Marlowe anawaonyesha wakifanya hivyo, ila chuki ile haiondoki kwa sababu hiyo. Mwishoni Barabas anatumbukia kwenye sufuria kubwa la maji yanayochemka alilomtegea mwenzake. Kwenye orodha ya vifaa vya maigizo ya Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa maigizo London, ya 1598 limo sufuria la mchezo huu.

Na Volpone?

Ni mchezo wa Ben Jonson, ulichezwa kwenye ukumbi wa Globe, London, mwaka 1606 hivi. Mstari wa kwanza kabisa tajiri anaamka anausalimia mchana, na baada ya hapo anaisalimia dhahabu yake, anasema fungua madhabahu nimuone mtakatifu wangu. Mwanzo huo peke yake unatosha kukuonyesha safari iliyotembewa, kwenye Everyman dhahabu ilikuwa chini pembeni imefungwa, sasa iko kwenye madhabahu inaabudiwa.

Volpone hana mtoto, amelala kitandani anajifanya anakufa ili watu wamletee zawadi wakitegemea kurithi. Majina mengi ni ya Kiitaliano na ni ya wanyama, Volpone ni mbweha, mtumishi wake Mosca ni nzi, halafu tai mzoga, kunguru, na ndugu zao. Mwanasheria analeta chombo cha fedha, mzee Corbaccio ambaye mwenyewe amebakiza siku chache analeta mfuko wa sarafu na anamfuta mtoto wake kwenye wosia, Corvino analeta lulu na mwisho anamleta mke wake. Angalia kitanda hicho. Kitanda cha Binadamu kule kwenye Ngome ndo mtu alikuwa anakufia kweli, hiki cha Volpone kifo kimegeuzwa duka.

Na hapa hakuna Mauti wala Mungu anayekuja. Anakuja mtumishi. Volpone anajitangaza amekufa na kumwandika Mosca mrithi, kwa utani wake, Mosca anafunga milango anasema sasa ni zangu. Mahakama ya Venisi inaamua kwamba Volpone, kwa kuwa alijifanya mgonjwa, mali yake iende hospitali ya wasiopona na yeye afungwe minyororo mpaka awe mgonjwa kweli.

Timon of Athens inafaa kusomwa? Nasikia ni dhaifu.

Ina mashimo, ndio. Shakespeare aliiandika pamoja na Thomas Middleton kwenye 1605 au 1606 na inaonekana kama haikumaliziwa. Isome hivyohivyo. Timon anagawa kila alichonacho, msimamizi wake Flavius anajaribu kumwonyesha hesabu na yeye hataki kuangalia, mpaka siku anasema uzeni ardhi yangu, anaambiwa yote imeshawekwa rehani. Marafiki wanamkimbia, kila mmoja na udhuru wake, ni kama kidole cha Binamu kimerudi. Anaenda porini kuchimba mizizi ale, jembe linagonga dhahabu. Mtu ana njaa anatafuta chakula anapata dhahabu! Anaisemea maneno makali, kwamba kiasi kidogo cha hii kinatosha kufanya cheusi kiwe cheupe, kibaya kiwe kizuri, mwoga awe shujaa. Karl Marx aliyanukuu maneno hayo kwenye maandiko yake ya 1844 alipokuwa anaeleza nguvu ya pesa.

Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere inahusika?

Inahusika sana. Mwalimu aliitafsiri The Merchant of Venice akiwa Rais, ikatoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na neno mabepari kwenye jina ni uamuzi wake, jina la Kiingereza linasema mfanyabiashara mmoja tu. Kwa mada yetu nenda kwenye yale masanduku matatu. Mwana wa mfalme wa Moroko anachagua la dhahabu, anafungua, ndani kuna fuvu na karatasi imechomekwa kwenye tundu la jicho. Hapo Mauti wa michezo ya zamani amejificha ndani ya sanduku la Mali. Tahadhari niliyosema kuhusu Barabas ishike na kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji wa mchezo huu.

Hii haifanani na utenzi wa Al-Inkishafi?

Inafanana kwa swali, sio kwa asili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate hakutoa kitu Uingereza, alitoa kwenye Uislamu na kwenye magofu aliyoyaona kwa macho yake, nyumba zilizowaka taa usiku ukawa kama mchana na sasa hakuna mtu. Tofauti ninayoiona ni kwamba yeye anauhoji moyo wake mwenyewe, na Waingereza wanaihoji mali na mali inajibu.

Kiingereza cha hii michezo nitakiweza?

Tafuta chapa yenye tahajia ya kisasa, maandishi yako onlaini bure, na soma kwa sauti, hilo la sauti usilidharau. Ukipata nafasi ya kuangalia, angalia. William Poel aliufufua Everyman London mwaka 1901, Salzburg huko Austria wamekuwa wakicheza toleo la Kijerumani la Hugo von Hofmannsthal toka 1920, na mwaka 2015 National Theatre ya London walicheza toleo la Carol Ann Duffy, Kila Mtu akiwa ni Chiwetel Ejiofor.

Mwishoni Kila Mtu anaingia kaburini na nani?

Kabla ya kufika anakuwa amepata wasindikizaji wapya, Uzuri, Nguvu, Busara na Hisi Tano, nao wameapa hawatamwacha. Wanafika, anawaonyesha shimo, anasema humu ndo tunaingia. Uzuri ndo wa kwanza kushtuka, anauliza yani tuzikwe humu? Anakusanya vitu vyake anaondoka. Kila Mtu anamwita, na Uzuri anajibu bila kugeuka, mimi ni kiziwi, siangalii nyuma, hata ungenipa dhahabu yote iliyoko kwenye sanduku lako. Wengine wanafuata mmoja mmoja, Nguvu, Busara, Hisi Tano. Maarifa, aliyekuwa anamwongoza njiani, anabaki juu ya udongo anaangalia. Matendo Mema anashuka naye.